Mtoto ameanza kukwea kitanda: shajara ya kubadilisha chumba, Umoja, Nairobi

Shajara hii ni ya mzazi mwenye mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili, anayeishi nyumba ya kupanga, na ambaye ameamka asubuhi akamkuta mtoto sebuleni. Naongeza sehemu kila hatua inapokwisha. Bei ni shilingi za Kenya, zile tulizolipa sisi hapa Umoja na kule soko la Gikomba. Fundi wako atakupa zake.

1 Juni 2025: Vipimo kwanza

Nyumba ina vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu, vigae sakafu nzima. Bwana mdogo ana miezi 19. Kitanda chake ni cha saiprasi, futi 2 kwa 4, kina fito pande zote nne, na tulikinunua kwa jirani kabla hajazaliwa.

Nimejibanza mlangoni nikamwangalia anavyotoka. Kwanza anatupa blanketi nje, halafu mwanasesere. Kisha anashika pembe ambapo ubao wa kichwani unakutana na ukingo, anakanyaga ule mto mrefu wa pembeni, anainua mguu wa kulia mpaka kisigino kinakamata ukingo, na kulala juu yake kwa tumbo, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kama mtu anayedandia matatu iliyokwisha kuondoka. Halafu anaachilia.

Hatari iko hapo kwenye kuachilia. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito ukilinganisha na mwili, kwa hiyo akiinama kupita kiasi ndicho kinachotangulia kwenye vigae. Safari hii alitua kwa makalio. Hata hivyo tulikaa tukimtazama jioni nzima. Mtoto aliyeanguka akitapika tena na tena, akizimia, akipata degedege, akitokwa na majimaji sikioni au puani, au akilala usingizi ambao hauamshiki kwa kawaida, ni hospitali moja kwa moja, hakuna kungoja kukuche.

Vipimo: mtoto ana sentimita 81. Kutoka juu ya godoro hadi ukingo ni sentimita 52. Madaktari wa watoto wa Marekani wana kanuni rahisi: ukingo ukiwa chini ya robo tatu ya urefu wa mtoto, au mtoto akifika sentimita 90, kitanda cha fito kimekwisha kazi. Robo tatu ya 81 ni kama 61. Sisi tuna 52. Wengi huanza kukwea kati ya miezi 18 na 24, walio wepesi hata kabla, kwa hiyo wetu hajafanya maajabu yoyote.

5 Juni: Godoro chini, mito nje

Chaga za kitanda hiki zina ngazi tatu na sisi tulikuwa tumebaki ya katikati tangu alipojifunza kukaa. Kushusha hadi ya mwisho kunaongeza sentimita 11, yaani jumla 63. Tumepita kanuni kwa sentimita mbili. Bolti mbili zilikuwa zimeshika kutu zikakatika. Mpya pamoja na nati: 60.

Mto mrefu wa pembeni umetolewa, pamoja na mwanasesere mkubwa. Kila kilicho laini na kinene ndani ya kitanda ni ngazi. Kwa mtoto mchanga mto huo una ubaya mwingine, kumziba pumzi, na Marekani walipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2022. Hapa mjini bado unauzwa kama seti pamoja na shuka, na ni mzuri wa kupendeza. Usiununue.

Kitanda pia tumekiondoa karibu na dirisha na karibu na kabati la droo.

Baba yake alikuwa na wazo la kung'oa chaga kabisa na kulaza godoro sakafuni ndani ya zile fito. Kwenye baadhi ya vitanda inawezekana. Chetu kina mwanya wa sentimita 15 kati ya sakafu na mbao ya chini, na godoro likiwa chini na mtoto akalisukuma kidogo, mwili unapita kwenye mwanya huo na kichwa kinabaki. Wazo likafa. Ukitaka kulijaribu, pima huo mwanya kabla ya kushika spana.

12 Juni: Mfuko wa kulalia

Zile sentimita 63 hazikudumu. Amegundua kwamba akiegemea pembe anaweza kujivuta kwa mikono bila kukanyaga kitu.

Dawa inayosifiwa sana ni mfuko wa kulalia, ule unaovaliwa mabegani na kufunika miguu kama gauni lililofungwa chini. Mguu hauwezi kupanda juu ya ukingo. Gikomba inapatikana kwenye marobota ya nguo za watoto: 250. Kwa baridi hii ya Juni ulikuwa na faida mbili, maana mtoto hutupa blanketi na mfuko hautupiki.

Ulifanya kazi hadi alipoijua zipu. Dada, anayetusaidia nyumbani na aliye mwepesi wa sindano kuliko mimi, akaihamishia mgongoni kwa zipu mpya ya 80. Hapo tukapumzika kidogo. Kisha akajifunza kuukusanya mfuko kiunoni kwa mikono miwili. Mtoto aliyefungwa miguu anapofaulu kupita ukingo huanguka vibaya zaidi kuliko aliye huru, kwa sababu hana mguu wa kutangulia. Tumeuacha kuwa nguo ya usiku tu, na kwa sasa analala kwenye godoro letu huku tukipanga.

15 Juni: Tuliyoyakataa

Naandika haya kwa sababu kila mtu atakushauri moja kati yake.

Shosho, nyanya yake mtoto, alisema tufunge neti juu ya kitanda, ibane pande zote. Neti ya mbu ni kitambaa cha kuning'inia, si kifuniko. Mtoto atasimama, aisukume kwa kichwa, ajizongeshe. Hata mahema yaliyotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo yana historia mbaya: mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani, CPSC, ilitangaza kuyaondoa sokoni mahema ya kampuni moja, maana mtoto anaweza kunaswa shingo kati ya hema na ukingo.

Fundi niliyempelekea kitanda alikuwa na lake. "Mama, nikikuongezea futi moja juu hapo, hatoki tena."

"Na akitoka?"

Akacheka, akaweka penseli sikioni. "Basi ataanguka kutoka mbali."

Ndiyo hivyo. Kila sentimita unayoongeza ukingoni unaiongeza kwenye anguko. Kuanzia hapo mradi ulibadilika. Tulikuwa tunatafuta kitanda cha kumzuia, kumbe kazi yenyewe ni kukifanya chumba kizima kiwe mahali anapoweza kuzurura peke yake saa tisa usiku. Kitanda kiliishia kuwa sehemu rahisi kuliko zote.

Shosho naye alimaliza kwa kusema: "Sisi tulikuwa tukilala nanyi wote kitanda kimoja, na hakuna aliyekwea kitu." Sikuwa na jibu.

22 Juni: Godoro sakafuni

Godoro jipya, futi 2.5 kwa 6, unene inchi 4, lile gumu la haidensiti: 4,200. Tulinunua la ukubwa huo ili limfae hadi aanze shule. Tukaliweka moja kwa moja juu ya vigae, pembeni mwa ukuta.

Usingizi ulikuwa mzuri. Godoro ndilo lililoharibika. Dada alipoliinua kufagia alikuta upande wa chini una unyevu na vidoadoa vyeusi vimeanza. Msimu huu vigae vya Nairobi ni baridi kama nini, joto la mwili na jasho hushuka kupitia sponji na kugeuka maji chini yake. Kitambaa cha godoro kimefuliwa kwa siki na maji na kuanikwa juani, kile kijua kidogo tunachopata. Plastiki chini haisaidii, huhifadhi maji tu. Linahitaji hewa.

29 Juni: Fremu ya chini

Mbao za saiprasi kutoka Gikomba, 2 kwa 2 za fremu na 4 kwa 1 za chaga, zilizopigwa randa: 2,340. Msasa, skrubu, gundi ya mbao na vanishi ya maji: 1,150. Fundi: 1,500. Fremu ina kimo cha sentimita 7, hivyo pamoja na godoro mtoto analala sentimita 17 kutoka sakafuni. Pembe zote zimeviringwa kwa msasa. Pitisha soksi ya nailoni juu ya mbao yote, na inaponasa ndipo penye kibanzi.

Tatizo lilikuwa kinga za pembeni. Fundi aliziweka pande zote mbili bila kuambiwa, kwa nia njema, na alipima kwa futi 2.5 kamili. Godoro la sponji la futi 2.5 si futi 2.5. La kwetu lilipungua zaidi ya inchi moja, na likibanwa na mwili linapungua tena. Nilipoingiza mkono kati ya godoro na kinga ulipita mpaka kwenye kifundo. Mwanya wa namna hiyo ni mbaya kuliko kuanguka, kwa sababu mtoto anayebingirika usiku anaweza kutumbukia na uso ukagandamana na godoro.

Tulifikiria kujaza mwanya kwa taulo, na watu wengi hufanya hivyo. Taulo hutoka. Mwishowe tukaondoa kinga zote mbili. Kutoka sentimita 17 kuna nini cha kukinga? Fundi alirudi kuziba matundu ya skrubu na kusawazisha: 300. Upande wa ukutani tumeacha nafasi ya futi nzima, si mwanya. Ama kitu kishikane kabisa, ama kiachane kabisa.

Ukiagiza fremu, nunua godoro kwanza, lipeleke kwa fundi, alipime hilo hilo.

6 Julai: Kabati, ukuta na umeme

Kabati la droo lina droo nne. Mtoto akivuta mbili za chini anapata ngazi, na uzito wake ukiwa mbele kabati linamwangukia. Mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA iliwataka wateja wa Marekani warudishe kabati milioni 29 kwa sababu hiyo, baada ya vifo vya watoto. La kwetu ni la fundi wa barabarani, lakini uzito haujali limetoka wapi.

Misumari ya zege ilishindwa. Ukuta ni wa mawe ya kukatwa, juu yake plasta. Msumari ulipasua plasta, ukapata uungo wa mchanga kati ya mawe mawili, na nilipolivuta kabati kidogo ukatoka wote na kipande cha ukuta.

Kilichofaulu: drili ya kukodi kwa siku, 300; biti ya mawe ya milimita 8, plagi za plastiki, skrubu ndefu na vyuma vya pembe, 520 vyote. Toboa katikati ya jiwe, si kwenye uungo. Utajua kwa vumbi: la kijivu lenye kokoto ndogo ndilo la jiwe, la mchanga laini ni uungo. Upande wa kabati skrubu ishike mbao nene ya fremu, maana ule ubao mwembamba wa nyuma ungebanduka siku ya kwanza. Nilining'inia juu ya droo iliyofunguliwa kujaribu. Kabati halikutikisika.

Vifuniko vya plastiki vya soketi, vile vinavyouzwa pakiti pakiti, nimeviacha dukani. Soketi zetu za matundu matatu za mtindo wa Uingereza zina vilango ndani, na vilango hivyo hufunguliwa na ncha ndefu ya juu. Kifuniko kisichokaa sawasawa kinaweza kuvifungua badala ya kuvifunga. Wizara ya Afya ya Uingereza iliagiza hospitali zake ziache kuvitumia mwaka 2016. Kinachotisha ni ekstensheni za bei nafuu zenye matundu ya kupokea plagi yoyote. Yetu imetolewa chumbani.

13 Julai: Mlango, maji, balkoni

Mtoto anayetoka kitandani anatoka pia chumbani, na nyumba za Nairobi zina kitu ambacho maelekezo ya ng'ambo hayakitaji: maji yaliyowekwa. Mgao wetu unatufanya tujaze pipa na ndoo bafuni kila maji yanapokuja. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita tano. Ndoo ni mbaya zaidi kuliko beseni, kwa sababu akiinama kichwa kinaingia, miguu inapanda, na haina nafasi ya kupinduka. Wala hapigi kelele. Kwa hiyo kabla ya mlango wa chumba nilishughulikia bafu: komeo juu kabisa upande wa nje, 150. Pipa lina mfuniko wa kujifunga. Ndoo zilizojaa zimepangwa ndani, tupu zimepinduliwa. Komeo halisaidii mtu akisahau kulifunga, na mgeni husahau, kwa hiyo mfuniko unabaki kuwa sheria yake.

Mlango wa chumba ulitusumbua zaidi. Geti la mtoto la kubanwa, lililotumika, tulilipata kwa 2,000. Fremu yetu ni ya chuma iliyopakwa rangi ya mafuta, na mipira ya geti iliteleza juu yake. Bwana mdogo aliliegemea likahama. Lina pia chuma sakafuni, na Baba yake alijikwaa akiwa anaelekea msalani gizani. Tumeliuza kwa 1,500, hasara 500.

Badala yake fundi alitengeneza mlango nusu wenye kimo cha sentimita 85, fito za kusimama tu, mwanya chini ya sentimita 6, na bawaba mbili: 2,000 pamoja na kazi. Hauna hata fito moja ya kulala, maana hiyo ni ngazi. Komeo liko nje, linafunguka kwa kidole kimoja. Usiweke kufuli. Moto au stima ikileta shida usiku, hutaki kutafuta ufunguo. Mwenye nyumba alikubali, kwa sharti kwamba tukihama tutaziba matundu.

Balkoni yetu ina vyuma vya kulala, na sitaki kumjua aliyevichora. Wavu wa chuma umefungwa kwa ndani kwa waya, ncha zote zimepindwa kuelekea nje: 1,800 na kazi. Kreti za soda na kiti cha plastiki vimeondoka huko.

20 Julai: Usiku wenyewe

Chumba kikiwa tayari alianza kulala huko peke yake. Tunamfunika, tunatoka, anatoka, tunamrudisha. Bila maneno, bila taa, bila kucheka, ingawa kuna wakati aliniletea kiatu kimoja kupitia fito za mlango na ilikuwa vigumu.

Mambo yaliharibika kwa sababu sisi wakubwa watatu tulikuwa na sheria tatu. Mimi nilimrudisha kimya. Dada alimwimbia. Baba yake alimpa maziwa na mwanga wa simu, na mtoto akajua nani wa kumwita. Tulipokubaliana kufanya kitu kimoja, kurudia kukapungua haraka. Kuna usiku stima ilipotea akaamka kwenye giza tupu, tukarudi nyuma kidogo. Sasa kuna taa ndogo ya kuchaji juu ya kabati, mahali asipofika.

Mara nyingine tunamkuta amelala sakafuni kando ya mlango nusu. Tunaweka blanketi lililokunjwa hapo na tunambeba akishazama usingizini. Amevaa pajama mbili juu ya fulana. Jiko la makaa haliingii chumbani hata baridi iwe vipi. Hewa ya makaa huua watu mjini humu kila msimu wa baridi.

Usingizi wa mchana ndio uliokuwa mgumu kuliko wa usiku. Shirika la Afya Duniani linataja saa 11 hadi 14 kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, pamoja na wa mchana, na kwa muda alikuwa chini ya hapo na hasira juu. Dada ndiye aliyepata jibu: pazia zito, na yeye mwenyewe kukaa chumbani akikunja nguo bila kumtazama.

3 Agosti: Hesabu na kilichobaki

Tukijumlisha yote, pamoja na hasara ya geti na mfuko wa kulalia, ni 15,150. Kitanda cha zamani kimeuzwa 4,000 kwa jirani anayetarajia mtoto, kikiwa na bolti zake zote kwenye mfuko uliofungwa chagani. Kama chako ni cha upande unaoshuka na kupanda, usikiuze, kichanje kuni. Marekani walivipiga marufuku mwaka 2011.

Kama ningekuwa na elfu tano tu, ningenunua komeo la bafu, vyuma vya kabati na mlango nusu, na godoro la zamani ningeliinua juu ya paleti iliyopigwa msasa.

Limebaki dirisha. Ameanza kusogeza kikapu cha nguo chafu hadi chini yake, hivyo kikapu kimehamia kwetu. Grili ipo, lakini sehemu moja ina mwanya wa sentimita 12, na kinachopendekezwa ni usizidi 10. Mwenye nyumba amesema tuchomelee wenyewe halafu tukate kwenye kodi. Nikipata bei ya fito mbili za chuma nitaiandika hapa.